Uthibitisho Kwamba Nitarudi Songea

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Siku kubwa! Noela kapiga simu kutoka Ujerumani. Anamaliza masomo ya uuguzi mwezi wa tisa, tarehe 26. Kutakuwa na sherehe. Anatutaka wote wawili, mimi na mama yake. Kunegunda kalia. Mimi sikulia. Nilitoka nje kuangalia kuku.

Miaka mitatu hatujamwona mtoto. Kwenye simu unaona uso tu, tena nusu, halafu unaganda mdomo ukiwa wazi.

Katuma barua ya mwaliko na orodha ya mahitaji ya viza. Zabibu wa duka la stesheneri hapa Bombambili kanichapia vyote. Kurasa sita! Nimezisoma nikiwa nimesimama mpaka Zabibu akaniletea stuli. Mambo ya ajabu sana. Picha iwe ya uso mzima na hairuhusiwi kutabasamu. Kwa nini? Tabasamu limewakosea nini? Iwepo bima ya safari, nayo igharimie matibabu na hata kurudisha maiti nyumbani. Watu hawa wameshafikiria kifo changu wakati mimi sijafikiria hata koti.

Lakini kifungu cha tisa ndicho kimenishika. Mwombaji athibitishe kwamba atarudi kwao. Nimekisoma mara nne. Mtu anathibitishaje jambo ambalo bado hajalifanya? Nimemuuliza Zabibu. Kasema yeye anachapa tu.

Noela kasisitiza kwenye simu: Baba, jaza ukweli, usiongeze kitu. Nimemwambia aondoe shaka. Nimejiteua kiongozi wa msafara.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Valence kajua. Sijui nani kamwambia. (Kunegunda.)

Valence ni jirani yetu, seremala mstaafu. Alifanya kazi miaka ishirini na mabruda wa Kijerumani kwenye karakana ya misheni, na mara moja alikwenda kuhiji Roma na wanaparokia. Alikaa siku nane. Amezizungumzia kwa miaka kumi na moja. Ukimwambia leo kuna baridi, atakwambia habari ya baridi ya Roma.

Kaja na ushauri bila kuitwa. Barua ya mwajiri, barua ya likizo, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, basi. Waeleze wewe ni nani, waache waamue. Kasema mtunza stoo wa shule ya sekondari ni kazi inayoeleweka dunia nzima.

Alitamka "mtunza stoo" kwa huruma! Kunegunda anasema hakusikia huruma yoyote. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu.

Halafu akaiona barua ya mwaliko mezani. Imeandikwa kwa Kijerumani. Akanyoosha mkono, akasema angeweza kututafsiria, Noela ameandika mengi humo. Nikaikunja haraka. Nikamwambia tumeshaielewa yote.

Hatujaelewa neno hata moja, isipokuwa Songea.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Sista Renatha, mkuu wetu wa shule, kanipa barua ya mwajiri. Mistari mitano. Inasema nimekuwa mtunza stoo kwa miaka kumi na tisa, ni mwaminifu, nimepewa likizo ya wiki tatu, na natarajiwa kazini tarehe 13 Oktoba. Sahihi, muhuri.

Mistari mitano! Miaka kumi na tisa kwa mistari mitano. Nimeitazama mara nyingi leo. Nimejiweka mahali pa ofisa wa ubalozi. Ofisa kakaa na chai yake. Mbele yake barua ya mtu anayehesabu madaftari, chaki na majembe ya shule. Atajiuliza: mtu huyu akifika Ujerumani, kitu gani kitamvuta arudi? Chaki?

Hapana. Kurudi kunahitaji uzito. Mtu mkubwa lazima arudi, maana mambo yake yatasimama bila yeye. Nimefikia uamuzi saa saba mchana, wakati wa wali maharage. Nitaomba kama Mkurugenzi.

Kampuni nimeshaipa jina langu: Remigi Kilimo na Usafirishaji. Makao makuu Namtumbo. Zabibu kaniuliza kwa nini Namtumbo wakati naishi Bombambili. Nimemwambia ndiko kwenye mashamba. Ukweli ni kwamba Namtumbo hakuna mtu anayenijua.

Karatasi yenye kichwa cha kampuni imetoka vizuri mno. Kuna mahindi mawili yaliyopishana kama mikuki. Zabibu kachora mwenyewe kwenye kompyuta. Msichana ana kipaji.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Siku ya picha. Imekwenda vibaya.

Jana nilipaka piko nywele. Mkurugenzi mwenye mvi anaonekana anakaribia kustaafu, na mstaafu anaweza kubaki popote. Piko ikashuka mpaka kwenye paji la uso, ikashika. Nimesugua kwa sabuni, kwa limau, kwa mchanga wa kuoshea sufuria. Nimeingia studio na alama nyeusi juu ya jicho la kushoto, nyekundu kuizunguka.

Mpiga picha kasema nitulie, nisicheke. Sikuwa nacheka. Kasema basi nisinune. Sikuwa nanuna. Tumepiga mara kumi na mbili. Kwenye ile tuliyoichagua ninaonekana kama mtu aliyesikia harufu ya gesi na anatafuta inakotokea.

Kunegunda kakaa, kapigwa mara moja, kasimama. Kwenye picha yuko kama alivyo. Nimemuuliza siri ni nini. Kasema alikuwa anafikiria vifungo.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Nimegundua Kunegunda ana uthibitisho wake. Kauandaa bila kumshirikisha kiongozi wa msafara!

Mke wangu ni fundi cherehani, ana chumba chake karibu na soko. Mwezi wa kumi watoto arobaini wa parokia wanapata kipaimara, na nguo zote ni yeye anayeshona. Padre kamwandikia barua kuthibitisha oda. Yeye kaambatisha daftari lake la vipimo: jina la kila mtoto, kifua, bega, urefu. Kaeleza kwamba vitambaa ameshavipokea na ni lazima awe amerudi, la sivyo watoto watasimama mbele ya askofu na sare za shule.

Nimecheka mpaka nikakaa. Nimemwambia taifa kubwa kama Ujerumani haliwezi kujali bega la mtoto wa Bombambili. Nimemshauri aandike yeye ni Mkurugenzi Msaidizi. Kakataa. Kasema, "Baba Noela, mimi sijui kusema nisichokijua. Wakiniuliza swali la pili nitakwama."

Hana maono. Nampenda, lakini hana maono.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Namtumbo. Naandika nikiwa nimekaa upande mmoja kwa sababu ya mgongo.

Mpango ulikuwa rahisi. Mkurugenzi wa kilimo lazima awe na picha kwenye trekta. Nilitoka asubuhi, koti la harusi, tai. Nje kidogo ya mji nikaliona, trekta jekundu, tela limejaa magunia ya mahindi, dereva yuko kwenye kibanda cha chai. Nikampa mama muuza mihogo simu anipige picha. Nikapanda. Nikashika usukani. Nikatazama mbali, kama mtu anayeona msimu ujao.

Dereva akarudi. Jina lake Swalehe, mtu wa makamo, mpole kupita kiasi. Akanisalimia, akaniuliza kama mimi ndiye mtu wa kutoka Songea. Nikasema ndiyo, maana kweli nimetoka Songea. Akasema alhamdulillah, wamenisubiri tangu asubuhi. Akaniomba nisogee kwenye kile kiti kidogo juu ya tairi. Akawasha. Tukaondoka!

Nilipiga kelele. Trekta lilipiga kelele zaidi. Mama muuza mihogo alibaki na simu yangu akipunga mkono.

Kilomita tisa. Tukafika kwenye uwanja wenye rundo la mahindi na watu kama ishirini. Kumbe mtu wa kutoka Songea alikuwa fundi wa mashine ya kupukuchua. Mashine imekufa, wote wananitazama mimi. Nikaona aibu kusema. Nikaizunguka mashine mara mbili na tai yangu. Nikagonga hapa na pale. Nikasema tatizo liko ndani.

Fundi wa kweli alifika saa nane kwa pikipiki. Swalehe akanitazama, akasema tu, "Kumbe wewe si yeye." Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniuma. Nikavua koti nikawasaidia kufunga magunia hadi alasiri, nikala nao ugali na mboga za maboga, na nakiri ulikuwa mchana mzuri. Nikawauliza mambo mengi. Kwa nini mbegu hii na si ile, mahindi yanakwenda wapi. Walijibu kila kitu. Hakuna aliyeniuliza mimi ni mkurugenzi wa nini.

Simu nimeikuta kwa mama muuza mihogo. Picha imetoka safi!

Alhamisi, tarehe 26 Juni

Miadi ya ubalozi imepatikana, tarehe 9 Julai, saa nne asubuhi Kunegunda, saa nne na nusu mimi. Tumefanya mazoezi ya mahojiano sebuleni. Mimi ndiye ofisa. Nimemuuliza Kunegunda kwa ukali kwa nini anakwenda Ujerumani. Kasema kumwona mtoto wake. Nimemwambia jibu ni fupi mno, halina takwimu. Kaendelea kupiga pasi.

Halafu yeye akawa ofisa. Akaniuliza swali moja tu: kwa nini unakwenda Ujerumani? Nikaanza habari ya kubadilishana uzoefu wa kilimo. Akazima pasi. Akaniuliza tena, taratibu.

 Jibu niandike hapa, maana hapa hasomi mtu. Siku Noela anaondoka, miaka mitatu iliyopita, sikumsindikiza stendi. Nilitaka asome sheria. Nilikuwa nimeshawaambia watu wote kwamba binti yangu atakuwa wakili. Kuuguza wazee wa watu, kuwaogesha! Nilisema siwezi kumsindikiza, nina kazi stooni. Ilikuwa Jumapili.

Nataka nikae kwenye kiti cha mbele siku hiyo, anione. Ni hilo tu.

Lakini hakuna kisanduku cha kuandika hilo kwenye fomu.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Dar es Salaam. Basi limetoka Songea alfajiri kwenye baridi ya kukata masikio, limetufikisha kwenye joto. Tumefikia kwa Hilda, mdogo wake Kunegunda, Mbagala. Valence alikuja stendi kutuaga! Kaleta bahasha ngumu ya kuwekea nyaraka zisikunjamane. Kasema aliitumia safari ya Roma. Niliipokea kwa sababu ya adabu tu. Ni bahasha nzuri.

Barua ya kampuni iko juu. Picha ya trekta inafuata. Barua ya Sista Renatha nimeiweka mfuko wa ndani wa koti. Sijui kwa nini nimeibeba.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Nitaandika yote kwa mfuatano, kama yalivyotokea.

Kunegunda kaitwa kwanza. Nilikuwa nimekaa pale nyuma, nikaona mgongo wake tu. Ofisa, mama wa Kijerumani mwenye miwani na Kiswahili kizuri kuliko cha Valence, alifungua daftari la vipimo. Akalisoma! Kurasa kadhaa! Akauliza kitu, Kunegunda akaonyesha bega lake mwenyewe kwa vidole, wakacheka wote wawili. Alama za vidole. Dakika kumi na moja. Kwisha.

Kisha mimi.

Ofisa akanisalimia vizuri. Akaniuliza kazi yangu. Nikasema Mkurugenzi. Akauliza nina wafanyakazi wangapi. Nikasema kumi na wanne. Ilitoka yenyewe. Akauliza kampuni imesajiliwa mwaka gani. Nikasema mwaka wa mvua nyingi.

Akaichukua picha ya trekta, akaisogeza karibu na miwani. Akauliza trekta ni la nani. Nikasema la kampuni. Akaigeuza picha kwangu na kuweka kidole. Ubavuni mwa trekta, kwa herufi nyeupe kubwa kama viatu: KIKUNDI CHA AKINA MAMA WAKULIMA. Wiki tatu nimeitazama picha ile kila siku! Nilikuwa najitazama mimi.

Nikasema tuna ushirika nao.

 Akatoa barua ya Noela, ile ya Kijerumani, akanitafsiria sentensi moja. Nilikariri palepale: "Baba yangu ni mtunza stoo wa shule ya sekondari, na katika miaka yote hiyo hakijawahi kupotea kitabu hata kimoja."

Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ningependa kubadilisha maelezo yangu.

Barua ya Sista Renatha ilikuwa mfukoni, juu ya moyo. Niliisikia inavyokwaruza. Mkono wangu wa kulia ulipanda mpaka kwenye kifungo cha koti. Nyuma yangu watu wanasubiri, wengine vijana, wamevaa vizuri. Nikajiona nikisema mbele yao kwamba mimi si mkurugenzi.

Nikasema yote mawili ni kweli. Kwamba stoo naisimamia kwa moyo wa kujitolea.

Aliandika jambo. Refu.

Nje Kunegunda kaniuliza imekwendaje. Nimemwambia mazungumzo yalikuwa ya kina.

Jumanne, tarehe 29 Julai

Pasipoti zimefika. Hilda kazichukua Dar na kuzituma kwa basi. Bahasha mbili, moja nyembamba, moja ina karatasi ya ziada. Nilifurahi. Nilidhani yenye karatasi nyingi ndiyo ya mkuu wa msafara.

Kunegunda kapewa viza. Ina picha yake, ile ya vifungo.

Mimi nimenyimwa. Karatasi ina visanduku vingi, na kimoja kimewekwa alama: taarifa zilizotolewa haziaminiki. Naruhusiwa kuomba upya.

Kunegunda kaisoma yote. Nilisubiri aniseme.  Kaenda kuwasha jiko. Baadaye kasema kama mimi siendi na yeye haendi. Nikapaza sauti kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nimemwambia utakwenda! Mmoja wetu lazima akae kwenye kiti cha mbele!

Halafu nimekwenda kuangalia kuku. Nimekaa nao muda mrefu.

Jumapili, tarehe 3 Agosti

Baada ya misa Valence kaja. Nilitegemea habari za Roma. Hakuitaja. Kakaa, kaomba maji, kaulizia barua ya Noela.

Nimempa. Sikuwa na nguvu za kuikunja.

Kavaa miwani, kasoma yote polepole, Kijerumani kwanza, kisha Kiswahili. Ukurasa mmoja na nusu. Habari za mama yake na cherehani. Halafu zangu. Kaandika kwamba akiwa mdogo alikuwa anakuja stooni baada ya masomo, nami nilikuwa namwachia ahesabu chaki. Kwamba hospitalini kwao wamempa kusimamia kabati la dawa la wodi akiwa bado mwanafunzi, kwa sababu hakosei hesabu, na wakimuuliza alijifunza wapi anasema kwa baba yake, Songea. Kwamba hakuniaga siku ya kuondoka na angependa niwepo.

Yeye ndiye kasema hakuniaga! Yeye!

Valence kavua miwani, kaifuta. Ilichukua muda. Kasema tu Kijerumani chake kimeanza kuchakaa, labda amekosea hapa na pale. Nimemwambia amesoma vizuri. Nimemwambia pia, na sijui kilichonipata, kwamba anaweza kunieleza ile habari ya kupotea kwake mjini Roma. Nimeisikiliza yote. Haikuwa mbaya.

Jumamosi, tarehe 20 Septemba

Kunegunda kaondoka.

Nimembebea begi mpaka stendi yetu ya mabasi hapa Songea, ile ya Shule ya Tanga. Kabeba dagaa wa Nyasa, unga wa ulezi, na gauni alilomshonea Noela kwa vipimo vya miaka mitatu iliyopita pamoja na makisio. Nimempa maelekezo ya uwanja wa ndege. Asikubali kubebeshwa mzigo wa mtu. Wakimuuliza anafanya nini nchini mwetu, ajibu kwa kujiamini, na akitaka kuongeza neno "mfanyabiashara wa mitindo" haitakuwa uongo. Kasema atasema fundi cherehani.

Basi lilipowashwa kateremka tena! Karudi mpaka nilipo. Kaniambia, "Baba Noela, una neno la kumpelekea mtoto?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ukurasa mzima. Nikasema, "Mwambie kwamba Jumapili ile sikuwa na kazi."

Kaniuliza kama atanielewa. Nimesema ataelewa.

Nimesimama mpaka basi limepotea kwenye kona. Watu wa stendi waliniuliza mara tatu kama nakwenda Njombe.

Ijumaa, tarehe 26 Septemba

Sherehe! Saa tano asubuhi kwa saa zetu. Nimeangalia kwa Valence, simu yake ni kubwa. Nimevaa koti na tai. Valence naye kavaa tai, sikumwomba.

Ukumbi una madirisha marefu. Kunegunda kiti cha mbele! Kitenge chake kinaonekana kuliko kitu kingine chochote humo ndani. Noela kaitwa, kapanda, kapokea cheti. Gauni limemkaa sawasawa. Makisio ya mama yake! Nilisimama. Nilipiga makofi. Valence alipiga makofi. Simu ikaanguka chini ya meza, tukakosa dakika mbili za mkuu wa chuo.

Kisha Noela kaishika simu mwenyewe. Kaizungusha kwa wenzake, wauguzi vijana, rangi zote. Kawaambia kitu kwa Kijerumani, wote wakanipungia. Nimemuuliza Valence kasemaje. Valence kasema kawaambia huyu ndiye wa stoo.

Noela kasogeza uso. Kasema neno langu amelipata. Kasema hata yeye Jumapili ile alijua. Tulicheka. Picha ikaganda, na kwa mara ya kwanza iliganda mahali pazuri.

Kabla ya kukata kasema niombe upya kwa ajili ya sikukuu ya Noeli, atatuma mwaliko mwingine. Ila niahidi: ukweli mtupu, mtunza stoo, barua ya Sista Renatha, basi. Nimeahidi. Nimeweka mkono kifuani. Valence ni shahidi.

Jumapili, tarehe 28 Septemba

Nimeanza fomu mpya. Ukweli mtupu! Nimejisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama.

Kisanduku cha kazi: Mtunza stoo. Nimeandika kwa penseli. Nimeitazama.

Ni kweli, lakini je, imekamilika? Ukweli usiokamilika nao ni namna ya udanganyifu. Mwaka 2016 shule ya jirani iliniomba niwasaidie kuhesabu madawati. Na shule ya msingi iliniuliza kwa simu jinsi ya kuzuia mchwa. Hizo ni taasisi tatu. Mtu anayehudumia taasisi tatu ni wa kanda.

Nimempigia Zabibu. Nimemwambia kesho afungue mapema, aandae karatasi yenye kichwa: Mkuu wa Bohari, Kanda ya Kusini. Yale mahindi ayatoe, aweke ufunguo. Kauliza kanda nzima ina bohari ngapi. Nimemwambia hilo si swali la mchapaji.

Sasa kilichobaki ni picha. Kuna ghala moja la nafaka upande ule wa barabara ya Mbinga, kubwa ajabu, nimekagua kuta zake zote na hakuna maandishi popote. Mlinzi nimemsalimia mara mbili. Anaonekana mtu wa kuelewana.